Koipu: bei ya manyoya ilishuka, mnyama akabaki

Video ile ilinifikia mara nne kwa siku moja, kutoka makundi manne tofauti ya WhatsApp ya watu wa Mtwara. Ni ya sekunde chache tu. Mnyama mnene kuliko paka amekaa ukingoni mwa maji, ameshika mzizi kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa muhogo wa kuchemsha, anatafuna. Masharubu meupe, mdomo umezungukwa na weupe, na meno ya mbele yana rangi ya chungwa lililoiva. Chini ya video, ubishi. Mmoja kaandika kwamba huyo ni ndezi wa Ruvuma aliyeshiba mpunga wa watu. Mwingine kasema fisi maji. Wa tatu ndiye aliyewasha moto: huyo ni mnyama wa manyoya, ngozi yake huko Ulaya ni fedha nyingi, na sisi tuna mito na mabwawa yamekaa bure, kwa nini tusimlete tukamfuga?

Swali hilo la mwisho lilikataa kunitoka kichwani. Anayeliuliza ana sababu zake. Huku Kusini tumezoea kutegemea korosho, bei yake inapangwa mbali na sisi, na kila mwenye familia anatafuta kitu cha pili cha kushika korosho ikiyumba. Lakini mnyama yule ana historia ndefu, iliyopita Argentina, Uingereza na Marekani hadi ikafika ziwa Naivasha, hapo jirani Kenya. Nimeifuatilia na nataka kuieleza taratibu, kwa sababu imefungamana kama wavu uliotupwa mvunguni. Ukivuta uzi mmoja kwa pupa, vifundo vinaongezeka.

Kwanza nilimpelekea video mjomba wangu. Analima mpunga bonde la Kitere na ametega ndezi tangu ujana wake, na kwetu ukitaka kauli ya mwisho juu ya jambo unakwenda kwa mjomba. Nilimkuta kwenye majaruba yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mjini hawajambo?"

Akafuta mikono kwenye shati, akaishika simu mbali kidogo na macho, akaangalia, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Huyu siye," akasema. "Ndezi mkia wake mfupi. Huyu mkia mrefu, wa mviringo, kama wa panya. Na meno hayo hayana mifereji. Ndezi meno yake ya juu utadhani yamechongwa."

Kisha akainama, akang'oa bua moja la mpunga, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa limekatwa mshazari, safi, kama lililopitiwa na wembe. Kando yake vipande vingine vya urefu wa kidole vilikuwa vinaelea majini, havijaliwa. Ndezi huangusha bua zima ili ale sehemu ndogo yenye utamu, na anachokiacha ni kingi kuliko anachokimeza. Nikakitia kile kipande mfukoni.

Mjomba alikuwa sahihi. Mnyama wa kwenye video ni koipu, na wataalamu humwita Myocastor coypus. Aliyemwandika kwanza kisayansi ni padri wa Chile, Juan Ignacio Molina, mwaka 1782. Hilo neno Myocastor limeunganishwa kwa Kigiriki kutoka panya na biva, yule mnyama wa nchi za baridi anayeangusha miti na kujenga mabwawa. Kwao koipu ni kusini mwa Amerika Kusini: Argentina, Uruguay, Paraguay, Chile, Bolivia na kusini mwa Brazil. Waargentina humwita nutria, na hapa ndipo pana kifundo cha kwanza, kwa sababu nutria kwa Kihispania ni fisi maji. Ngozi zilisafirishwa kwa jina hilo, zikauzwa kwa jina hilo, na jina likang'ang'ania. Kwa hiyo yule ndugu aliyeandika "fisi maji" kwenye kundi letu alikosea kosa la zamani sana, lililowahi kufanywa na mabaharia na wauza ngozi kabla yake.

Fisi maji ni mla nyama. Anakula samaki na kaa, na meno yake ni ya kuchana. Koipu ni wa jamii ya wanyama wagugunaji, wale ambao meno ya mbele hayaachi kuota maisha yao yote: panya, kindi, ndezi, nungunungu. Ile rangi ya chungwa kwenye meno, ambayo watu kwenye kundi walidhani ni uchafu au ugonjwa, ni madini ya chuma yaliyomo kwenye tabaka gumu la nje la jino. Chuma hicho kinalipa jino ugumu wa kukata mizizi.

Jambo lililonishangaza mimi mwenyewe ni undugu. Ukimweka ndezi kati ya koipu na panya wa dari, utadhani ndezi ni panya aliyenenepa. Sivyo. Ndezi, koipu na nungunungu wako kwenye tawi moja la wagugunaji, na panya wa dari yuko tawi lingine kabisa pamoja na panya buku. Watoto wao wanakuonyesha hivyo. Panya huzaliwa uchi, mwekundu, macho yamefumba. Mtoto wa ndezi na mtoto wa koipu huzaliwa wamevaa manyoya, macho wazi, na koipu mdogo anaogelea ndani ya muda mfupi baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana yule wa kwanza kwenye kundi, aliyesema ndezi, nilimpa nusu ya alama. Hakumpata mwenyewe, lakini alimpata binamu.

Sasa tuje kwenye manyoya, maana ndiyo yaliyomtoa koipu kwao.

Mwenye kukulia pwani atakuwa amelalia mto wa sufi. Chukua sufi kavu iliyotoka kwenye tunda la msufi, ishike kiganjani: karibu haina uzito, ukiibana inanywea, ukiiachia inafura. Itupe kwenye ndoo ya maji, itaelea na itachelewa sana kulowa, kwa sababu kila uzi umejaa hewa na una nta kidogo juu yake. Manyoya ya koipu yanafanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Juu kabisa ana nywele ndefu, ngumu, zinazong'aa, na hizo ndizo tunazoziona kwenye video, zimelowa na kushikamana. Ukizipanua kwa vidole, chini yake kuna manyoya mengine mafupi, laini, yaliyosongamana kiasi kwamba ngozi haionekani. Nywele za juu zinazuia maji, manyoya ya chini yanashika hewa, na hewa ndiyo blanketi. Mnyama anaweza kukaa kwenye maji baridi usiku kucha na ngozi yake isifikiwe.

Kwa mfua ngozi, mali iko kwenye yale manyoya ya chini. Nywele ngumu zinanyofolewa au kunyolewa, kinachobaki ni laini kama mahameli. Na kwa koipu sehemu bora kabisa iko tumboni. Hapo pana ajabu nyingine ya maumbile yake: chuchu za jike haziko chini ya tumbo kama za mbuzi au paka, ziko juu ubavuni, karibu na mgongo. Mama anaweza kuelea majini huku watoto wananyonya bila kuzama. Faida kwa mnyama ni hiyo. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni tumbo zima lisilo na doa.

Koipu hakuwa wa kwanza kulipia uzuri wa namna hii. Aliyetangulia ni biva. Manyoya yake ya chini yana vimichongoko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoshikana yakishindiliwa kwa joto na unyevu, na kutokana nayo zilitengenezwa kofia ambazo Ulaya nzima ilizivaa kwa karne kadhaa. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa mwaka 1670, ilijenga biashara yake Kanada juu ya mgongo wa mnyama huyo. Mafundi wa kofia walitumia zebaki kulainisha manyoya, wakaugua mishipa ya fahamu, wakatetemeka mikono na kuchanganyikiwa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 biva wa Ulaya na Asia walikuwa wamebaki kama 1,200 tu, wametawanyika kwenye mifuko michache ya mito. Kilichowasaidia wale wa Amerika Kaskazini, kwa sehemu kubwa, ni mabadiliko ya mtindo: katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 watu walianza kupenda kofia za hariri.

Naomba msomaji ashike jambo hilo. Uhai wa mnyama kwenye mto wa Kanada ulitegemea kile alichotaka kuvaa bwana mmoja wa London. Alipobadili kofia, mto ukapumua. Kwa koipu mambo yalikwenda kinyume: mtindo ulipobadilika, mito ndiyo iliyoanza kuumia. Tofauti iko mahali mnyama alipokuwa. Biva aliwindwa kwao. Koipu alisafirishwa.

Huko Argentina koipu wa porini walipokuwa wamewindwa mno, watu wakaanza kuwafuga, na miaka ya 1920 na 1930 wazo hilo likavuka bahari. Hesabu ilivutia. Mnyama anakula majani na mizizi tu. Anabeba mimba kwa takriban siku 130, anazaa watoto watano au sita kwa kawaida, wakati mwingine zaidi ya kumi, na jike anaweza kupandwa tena siku mbili tu baada ya kujifungua. Watoto wanapevuka ndani ya miezi michache. Ukiweka hesabu hiyo kwenye karatasi, bwawa moja linageuka benki. Waliouza koipu wa mbegu waliiandika hivyo hivyo, na walionunua waliisoma hivyo hivyo.

Uingereza waliingizwa mwaka 1929. Kufikia 1932 wa kwanza walikuwa wameshatoroka. Mnyama mwenye meno ya chuma na miguu ya nyuma yenye utando hazuiwi na uzio wa mbao, na mfugaji aliyezoea sungura hawezi kulijua hilo hadi asubuhi anakuta tundu. Vita vya pili vya dunia vilipokuja mashamba yakafungwa, lakini waliokwisha kutoka walikuwa wamekaa mashariki mwa nchi, Norfolk na jirani zake, kwenye mabwawa na matete. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikadiriwa kufikia 200,000. Waling'oa matete yaliyokuwa makazi ya ndege, wakala viazi sukari vya wakulima, wakachimba mashimo kwenye tuta za mifereji. Majira ya baridi kali ya 1962 hadi 1963 yaliua sehemu kubwa yao, watu wakashusha pumzi, na miaka michache baadaye idadi ikapanda tena.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika habari hii nzima, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu kina somo kwa yeyote anayepanga kazi ya watu.

Walipoamua mwaka 1981 kuwamaliza kabisa, waliajiri wategaji 24. Mara wakakutana na tatizo ambalo halihusu mnyama hata kidogo. Mtegaji wa kudumu analipwa kwa sababu koipu wapo. Siku koipu wa mwisho akifa, mshahara nao unakufa. Mwenye akili timamu na watoto wa kulisha atafanya nini? Hahitaji kuwa mwizi. Atalegea tu kidogo mwishoni, ataacha bonde moja la mbali bila mtego, atasema wamekwisha huku anajua jike mmoja yupo. Wale wapangaji hawakuwalaumu wategaji kwa tabia ambayo hawajaifanya. Walibadili malipo. Walitangaza muda wa juu wa miaka 10, na kwamba wategaji wakifanikiwa mapema watapewa bonasi inayofikia hadi mshahara wa miaka mitatu, na kadiri wanavyochelewa ndivyo bonasi inavyopungua. Sasa kumaliza kazi kukawa na faida kuliko kuivuta. Mitego ya tundu iliwekwa kwenye vichanja vinavyoelea, karoti ndani yake, inakaguliwa kila siku. Januari 1989 ikatangazwa kwamba koipu wamekwisha Uingereza, na hawajarudi hadi leo.

Marekani walichukua njia nyingine. Jimbo la Louisiana, lenye delta kubwa ya mto Mississippi, lilipata koipu kutoka mashamba ya miaka ya 1930. Miaka mingi ilikuwa neema. Wategaji wa pale walikuwa watu wa kawaida wa vijiji vya majini, mitumbwi na mitego, na msimu wa 1976 hadi 1977 peke yake walivuna ngozi zaidi ya milioni 1.8. Uvunaji huo ndio uliokuwa unamzuia mnyama. Miaka ya 1980 bei ya manyoya duniani ikaanguka, wategaji wakaacha maana mafuta ya boti yalikuwa ghali kuliko ngozi, na koipu wakaendelea kuzaa kama jana. Kwenye mabwawa ya pwani wanapendelea mzizi na shina la chini, na mmea uliopoteza mzizi hauoti tena. Udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi hiyo unalegea, mawimbi yanauchukua, na mahali palipokuwa na majani panakuwa maji wazi. Tangu 2002 kuna mpango wa kulipa kwa mkia: unaleta mkia, unapewa dola 4, baadaye ikawa 5, na tangu 2019 ni 6. Lengo ni hadi mikia 400,000 kwa mwaka. Mnyama aliyeletwa ili auze ngozi yake sasa serikali inalipa auawe, na mara nyingi ngozi inatupwa.

Ukilinganisha malipo ya Norfolk na ya Louisiana utaona kila moja limezaa lilichopaliliwa. Anayelipwa kwa mkia anahitaji mikia mwakani. Lakini nisiwaonee watu wa Louisiana: bonde lao ni kubwa mno kuliko Norfolk, limeunganika na majimbo mengine, na kumaliza kabisa pengine ni ndoto. Maryland, jimbo dogo lenye ghuba, walipambana kwa miaka mingi na mwaka 2022 walitangaza kuwa wamewamaliza.

Kuna anayesoma hapa akisema, hayo ni ya Wazungu, baridi na mabwawa yao. Basi tuje Naivasha.

Kenya walileta koipu miaka ya 1950, enzi za ukoloni, kwa shamba la manyoya kwenye nyanda za juu. Wakatoroka. Miaka ya 1960 wakafika ziwa Naivasha, wakaishi kwenye matete na mayungiyungi, yale maua yanayoelea yaliyofunika kingo za ziwa. Mwaka 1970 ukapandikizwa pia kamba mwekundu wa Marekani, anayekula mimea ya majini bila kuchagua. Katika miaka iliyofuata mayungiyungi yakapotea. Waliochunguza ziwa lile wamewataja wote wawili miongoni mwa sababu. Kamba yupo hadi leo. Koipu waliwahi kuwa kitu cha kawaida kuonwa, kisha wakaadimika na kutoweka ziwani. Manyoya ya shamba lile hayakumtajirisha mtu wa Naivasha.

Nikifikiria mambo haya najikuta nawaza karanga. Wazee wa Nachingwea bado wanasimulia mpango wa Waingereza wa baada ya vita: matrekta, mapori yaliyosafishwa, bandari ya Mtwara iliyochimbwa kina, reli iliyotoka pwani kwenda ndani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, maana udongo na mvua havikusoma makadirio yao. Miaka ya 1960 reli ikafungwa na mataruma yake yakang'olewa. Ilikuwa hasara kubwa, na bado kuna tuta za reli porini zisizoelekea popote. Lakini reli haizai. Mataruma yalipong'olewa yamekwisha. Shamba la koipu likifilisika, mwenye mali anaondoka na madeni yake, na mali yenyewe inabaki mtoni, jike na dume.

Hesabu ya hapa kwetu si ngumu kuifanya. Koipu mzima ana kilo 5 hadi 9, na kwa siku anakula karibu robo ya uzito wake. Mmoja wa kilo 6 anataka kilo moja na nusu ya majani na mizizi kila siku, mbali na anachokikata na kukiacha. Sasa piga picha ya Kitere, majaruba yaliyopangwa kwa tuta za udongo na mifereji inayotegemea kingo zisitoboke. Koipu anachimba shimo kwenye ukingo, mlango wake uko karibu na usawa wa maji, na ndani linaingia mita kadhaa. Kwenye midomo ya Ruvuma na Lukuledi, ambako maji baridi yanakutana na ya chumvi, hasumbuki pia, maana anavumilia maji ya chumvichumvi. Huko Marekani mamba tunayemfahamu sisi ana ndugu yake anayemla koipu, na bado hakutosha kumzuia.

Upande wa mapato ndio unaovunja kabisa. Manyoya mazito ni jibu la mwili kwa baridi. Mnyama wa nyanda za juu Naivasha, mita karibu 1,900 kutoka usawa wa bahari, ana usiku wa baridi kidogo. Mnyama wa Mikindani, kwenye joto la pwani yetu, angevaa koti la nini? Ngozi yake isingefika daraja analolitaka mnunuzi. Na mnunuzi mwenyewe anazidi kuwa mchache. Uingereza na Wales walipitisha sheria mwaka 2000 kupiga marufuku ufugaji wa wanyama kwa ajili ya manyoya. Umoja wa Ulaya tangu 2016 umemweka koipu kwenye orodha ya viumbe vamizi, ni marufuku kumfuga, kumzalisha au kumsafirisha akiwa hai. Kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, koipu yumo. Wale waliouza koipu wa mbegu miaka ile wamekwisha ondoka sokoni, na sisi sasa tunafikiwa na video tu kwenye simu.

Nikarudisha majibu haya kwenye kundi, kwa maneno machache kuliko haya. Yule ndugu wa wazo la kufuga akanipigia. Hakukasirika. Akaniuliza jambo la haki: kama si koipu, basi hakuna mgugunaji yeyote mwenye faida?

Nilimwambia wapo wawili, na wote wamezaliwa hapa. Ndezi anafugwa Benin na Ghana kwa ajili ya nyama, kwenye mabanda ya zege, analishwa majani ya mabua na magugu, na nyama yake inapendwa kuliko kuku. Manyoya yake ni magumu kama brashi, hakuna atakayeyataka, na hiyo ni salama yake. Kwetu ni mnyamapori, kwa hiyo anayetaka kumfuga aanzie kwa maafisa wa wanyamapori kuomba kibali, asianzie porini na mtego. Wa pili ni panya buku, ambaye baadhi yetu tumemla akiwa amebanikwa vizuri bila aibu yoyote. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linamfundisha kunusa baruti na vimelea vya kifua kikuu. Panya wetu wamevuka Ruvuma kwenda kutafuta mabomu ya ardhini Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Ni mwepesi kiasi kwamba hawezi kulilipua bomu analolikanyaga. Huyo hatuhitaji kumwagiza.

Akanyamaza kidogo. "Ndezi kilo shilingi ngapi huko?" akauliza. Nikacheka, nikamwambia hilo nitamuuliza mjomba.

Jumamosi nikarudi Kitere. Mjomba alikuwa amechuchumaa juu ya tuta, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, anapapasa. Usiku maji ya jaruba moja yalikuwa yamekauka yote, mpunga umelala. Akautoa mkono, akanionyesha kwa kidole tundu lenye ukubwa wa kikombe cha kahawa.

"Kaa tu huyu," akasema. "Kaa mmoja."

Akachota tope, akalishindilia kwa ngumi, akachota tena.